Simu mfukoni, begi mgongoni: kabla hujaingia nyika ya Taru

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, Magharibi ikiwa imeshaswaliwa hapa Mackinnon Road, dadangu alinipigia simu akilia. Mwanawe wa miaka kumi na tisa alitoka alfajiri na wenzake wawili, mabegi mgongoni, kwenda kutembea nyikani upande wa kusini wa barabara kuu. Walisema watarudi alasiri. Sasa giza limeingia, na kila tukimpigia twaambiwa mteja hapatikani. Wenzake nao vile vile.

Asiyekaa huku huenda asielewe kwa nini mama alie kwa kijana mkubwa kama yule. Kaskazini yetu kuna Hifadhi ya Tsavo Mashariki, iliyotengwa tangu 1948, na ndovu hawasomi mipaka. Kiangazi kikikaza wanavuka kutafuta maji, na njia zao ndizo zile zile wanazopita watoto na mbuzi. Kutembea gizani bila kujua ulipo, katika vichaka vya miiba ambavyo huoni hatua kumi mbele yako, si mchezo.

Kijana alifika nyumbani saa tatu na nusu usiku, midomo imepasuka kwa kiu, miguu imechanwa. Alhamdulillah. Nilipomuuliza imekuwaje, jibu lake lilikuwa moja: "Mjomba, simu ilizima saa kumi na moja."

Jibu hilo limenikaa mpaka leo, kwa sababu simu yenyewe ilikuwa nzuri. Nilimsaidia kuinunua mwenyewe. Wala betri haikuwa mbovu, maana ilitoka nyumbani imejaa. Mimi nina diploma yangu ya ufundi wa umeme, ya zamani kidogo lakini ningali naikumbuka, na nilipokaa naye kesho yake tukaifuata siku yake saa kwa saa, niliona kwamba simu ilifanya kazi yake sawasawa. Aliyeiua ni yeye. Na vijana wengi siku hizi wanatoka na vikundi vya kutembea, kutoka Mombasa, Ukunda na hata Nairobi, wakienda Shimba Hills, Kinango na huku kwetu. Nawaona wakishuka kwenye matatu, simu mkononi. Wengi wanaibeba kama alivyoibeba mpwa wangu. Kwa hivyo leo nataka tuelezane.

Tuanze na iliyomaliza betri. Simu yako haitulii hata ukiwa umeitia mfukoni. Kila wakati inaongea na mnara ulio karibu. Mnara ukiwa karibu, inanong'ona. Ukiwa mbali, inapiga kelele, na kelele hizo ni umeme wa betri yako. Minara yetu mingi imefuata barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kwa kuwa huko ndiko waliko wateja. Ukiiacha barabara na kuingia ndani, mawimbi yanafifia, vilima na mabonde yanayakata, na simu inaanza kutafuta. Inatafuta, inapata kidogo, inapoteza, inatafuta tena. Ikifanya hivyo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, pamoja na kupiga picha na kusikiza muziki, usishangae ikizima. Mpwa wangu alikuwa akiitoa kila nusu saa kuangalia kama mtandao umerudi, akidhani kioo ndicho kinachokula betri. Kioo kinakula, ndiyo, lakini mla mkubwa alikuwa hamuoni.

Dawa yake ni kitufe ambacho kila simu inacho: ile hali ya ndegeni, yenye picha ya ndege. Ukikibonyeza, simu inaacha kutafuta minara. Wengi wanaogopa kukigusa, wakidhani na ramani itakufa. Hapa ndipo penye kosa kubwa, na nitaomba unisikize vizuri.

Kujua mahali ulipo hakuhitaji mtandao wa simu. Hakuhitaji bando wala salio, hata laini hakuhitaji. Simu ina kipokezi kidogo kinachosikiliza satelaiti, na kusikiliza tu ndiyo kazi yake, hakitumi kitu. Satelaiti za GPS za Wamarekani ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja inatangaza saa yake, saa kali sana isiyokosea, pamoja na mahali ilipo. Simu inaangalia kila tangazo limechelewa kiasi gani kufika, inapata umbali, na ikipata satelaiti nne inajua ulipo. Siku hizi simu nyingi zinasikiliza pia satelaiti za Warusi, za Ulaya na za Wachina, kwa hivyo juu ya kichwa chako hazikosekani. Na sisi watu wa Pwani mambo ya satelaiti yasitutishe: ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, upande wa Malindi, tarehe 12 Disemba 1970. Baba zetu waliyasikia hayo redioni tungali hatujazaliwa.

Kuna jambo moja tu. Simu ikiwa na mtandao, inasaidiwa kujua mapema satelaiti ziko wapi, na inakupa jibu kwa sekunde chache. Bila msaada huo, ikiwa imezimwa muda mrefu au imebebwa mbali, inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mtu anaitoa chini ya mbuyu, anasubiri sekunde kumi, anasema "haishiki", anairudisha. Simama pahali peupe, mbingu ionekane, subiri. Na kabla hujaondoka stendi, fungua ramani uhakikishe simu imeshajua ulipo.

Sasa, kujua ulipo bila ramani ni sawa na kupewa nambari ya nyumba katika mji usio na mitaa. Kidoti cha buluu kinakaa katikati ya ukurasa mtupu. Ndivyo ilivyomtokea mpwa wangu kabla simu haijazima: doti ilikuwapo, ramani haikuwapo, kwa sababu ramani aliyoizoea inaletwa na mtandao kipande kwa kipande. Lazima uipakue ukiwa nyumbani. Google Maps inakuruhusu kuchagua eneo na kulihifadhi. Mimi kwa kutembea kwa miguu napendelea zile programu zinazotumia OpenStreetMap, kama Organic Maps au OsmAnd, kwa kuwa zinapakua eneo zima mara moja na zinaonyesha vijia vya miguu ambavyo ramani za magari hazivijui. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na inachorwa na watu wa kujitolea. Hata Kibera kule Nairobi, iliyokuwa karibu tupu kwenye ramani, ilichorwa na vijana wa pale pale mwaka 2009.

Lakini usiiamini kupita kiasi. Kinachochorwa na watu kinategemea watu, na huku kwetu waliochora ni wachache. Ukitoka Mackinnon Road kuelekea Kinango, vijia vingi vya wachungaji havimo. Vilivyomo vingine vimeshafunikwa na miiba. Na kubwa zaidi ni maji. Ramani inachora mto kwa mstari wa buluu, mzuri, unaopinda pinda. Mgeni akiona buluu anapunguza maji kwenye begi. Nenda Februari ukauone mto huo: ni mchanga, na mashimo waliyochimba kina mama, na nyayo za ndovu. Vijana wetu walibeba lita moja na nusu kila mtu kwa sababu walipanga kujaza penye mstari wa buluu. Mimi siku ya joto nabeba lita nne, na uzito wake nauvumilia.

Nyika hii ilijulikana kwa kiu kabla ya ramani yoyote. Misafara ya Waswahili iliyokuwa ikipanda bara ilipita Taru kwa kuhesabu ngurunga, yale mashimo ya kwenye miamba yanayohifadhi maji ya mvua. Johannes Rebmann, yule Mjerumani wa misheni ya Rabai aliyeiona Kilimanjaro mwezi wa Mei 1848, anatajwa kila mahali. Aliyemwongoza alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua njia na watu wake. Bwana Kheri hakuwa na doti ya buluu. Alikuwa na jambo ambalo ramani ya simu haina mpaka leo: alijua maji yako wapi mwezi gani. Kwa hivyo ukifika kijiji cha kwanza, simama, toa salamu, uliza. Wenyeji wa huku, Waduruma, watakwambia lambo lipi lina maji, na ndovu walionekana wapi jana. Hakuna programu itakayokupa habari hiyo.

Na kwa kweli ni mzee wa Kiduruma aliyewaokoa vijana wetu. Waliona moto, wakaufuata, wakamkuta na zizi lake. Akawapa maji kwanza. Kisha akawauliza wanatoka wapi, wakasema Mackinnon Road, tumepotea, simu zimezima. Mzee akawatazama. Mpwa wangu alikuwa na kofia ya mkono kichwani, ile niliyomletea kutoka Lamu.

"Wewe mjukuu wangu si Muisilamu?"

"Ndiyo, babu."

"Leo hujaswali?"

Kijana alinisimulia hilo kwa aibu. Alikuwa ameswali Magharibi kwa kukisia, akielekea popote, kwa sababu programu yake ya kibla ilikuwa kwenye simu iliyozima. Mzee akamwambia: jua limezama kule, basi ligeuzie bega lako la kushoto. Hapo mbele yako ndipo wanapoelekea watu wa msikiti wa relini, na barabara iko huko huko.

Nilipoyasikia hayo nilinyamaza kidogo. Hebu tazama jambo hili, maana wengi wetu tunaliishi bila kulifikiri. Maka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Kwa hesabu, kutoka Mackinnon Road kibla ni kaskazini, kimeegemea mashariki kwa nyuzi mbili hivi tu, tofauti ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana mihirabu ya misikiti ya mwambao wote huu, mipya kwa magofu, inatazama kaskazini. Makaburi yetu nayo yamelala mashariki na magharibi, kwa kuwa maiti hulazwa ubavu wa kulia akielekezwa kibla. Msikiti wa Sayyid Baghali Shah hapa kwetu, ule uliopo kando ya reli, ambao wasafiri wa barabara ya Nairobi wanasimama kuswali na kutoa sadaka, ni dira iliyojengwa kwa saruji. Mtoto aliyeswali Magharibi nje ya nyumba yao tangu ana miaka saba anajua jua linazamia bega la kushoto. Anajua, ila hajaambiwa kwamba hiyo ni elimu ya njia.

Kisha tazama barabara yenyewe. Barabara kuu na reli zote mbili, ile ya zamani na ya SGR iliyoanza kubeba abiria 2017, zinatoka Mombasa kwenda Voi kwa kukata nchi upande wa kaskazini-magharibi. Ukiwa umeingia nyikani kusini yake, hata upotee vipi, ukielekea kibla utakutana nayo. Huenda ukatokea mbali na ulipotoka, huenda ukatokea Taru au kati kati ya pasipo na kitu, lakini utasikia malori kabla hujayaona. Na ukiwa umeingia kaskazini ya barabara, mambo ni kinyume, kibla unakipa mgongo. (Kaskazini, hata hivyo, usiingie bila mtu wa shirika la wanyamapori. Huko ni kwa wenyewe.)

Jua halizami pahali pamoja mwaka mzima. Disemba linazama kusini ya magharibi na Juni kaskazini yake, kwa nyuzi ishirini na tatu hivi kila upande. Kwa kutafuta barabara ndefu kama yetu, tofauti hiyo haitakupoteza. Anayetaka kuhakikisha vizuri asubiri siku ambazo jua linasimama juu ya Al-Kaaba yenyewe, karibu na 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na 16 Julai saa sita na dakika 27. Saa zetu na za Saudia ni moja. Simamisha kijiti, kivuli kitakuonyesha mgongo wa kibla. Fanya hivyo nyumbani kwako ulinganishe na simu, uone simu inakosea kiasi gani.

Maana dira ya simu hukosea. Ndani yake kuna kipimo cha sumaku, na kinadanganywa na sumaku yoyote iliyo karibu: kifuniko cha simu chenye kibano cha sumaku, spika, kisu, mlingoti wa chuma, hata gari. Niliwahi kumuona mtu kwenye kituo cha mafuta akitandaza mswala kuelekea Tanzania kwa sababu alisimama kando ya lori. Vua kifuniko, sogea mbali na vyuma, izungushe simu hewani kama unaandika nambari nane mara chache, ndipo usome.

Turudi kwenye begi. Joto ni adui wa pili wa betri. Watengenezaji wengi wanashauri simu isitumike penye joto la zaidi ya nyuzi 35, na begi jeusi kwenye jua la Taru linapita hapo mapema. Simu ikichemka inakataa kuchaji, au inajizima yenyewe. Mimi naizungushia kikoi na kuitia katikati ya begi, mbali na jua na mbali na mgongo wangu. Betri ya akiba, ile pawabenki, soma vizuri kilichoandikwa. Ikisema 10,000, ujue kinachofika kwenye simu ni kama 6,000 na kitu, kingine kinapotea njiani kwa kubadilisha nguvu ya umeme na kwa joto. Inatosha simu ya 5,000 mara moja na zaidi kidogo. Vile vipaneli vidogo vya jua vya kuning'iniza begini sina imani navyo. Ukitembea vinaangalia kila upande isipokuwa juu.

Simu ya pili ibebe, ile ndogo ya vitufe, mulika mwizi. Inakaa siku kadhaa bila kuchajiwa, ina tochi, na watu wanaicheka mpaka siku wanayoihitaji. Iwe na laini ya mtandao tofauti na ya simu kubwa, na iwe imezimwa. Ukitaka kuwasiliana, panda pahali palipoinuka, upande unaoelekea barabara, uiwashe. Ukiwa huna budi kutumia ile kubwa, iweke kwenye 2G: inafika mbali na inakula kidogo. Na usipige, andika ujumbe mfupi. Simu ya kuongea inahitaji mawimbi yakae bila kukatika. Ujumbe unahitaji nafasi ya kupenya tu, na ukishapenya unakaa kituoni ukimsubiri mwenyewe hata kama simu yake imezima. Kwa dharura, 999 na 112. Simu ikionyesha kwamba mtandao wako haupo lakini simu za dharura zinawezekana, maana yake imeusikia mnara wa kampuni nyingine, jaribu. Zile simu mpya zinazotuma dharura kwa satelaiti, zilizoanza Marekani na Kanada mwaka 2022, usizinunue kwa ajili ya Taru kabla ya kuuliza kama huduma yenyewe inafanya kazi Kenya.

Katika ujumbe andika namba za mahali ulipo. Ramani ukiibonyeza kwenye doti inakupa namba mbili. Ya kwanza huku kwetu ina alama ya kutoa mbele yake kwa kuwa tuko kusini ya ikweta, ya pili ni ya mashariki. Mackinnon Road ni kama -3.73 na 39.05. Tarakimu mbili baada ya nukta zinampeleka mtu karibu kilomita moja nawe, nne zinamfikisha kwenye mita kumi hivi. Mtu wa nyumbani anaziandika kwenye simu yake na anakuona. Ukimwandikia "tuko karibu na mbuyu mkubwa", umemwambia nini?

Kuhusu ndovu nitasema machache, kwa sababu wanajulikana. Usitembee na spika za masikio. Tawi linalovunjika ndilo onyo lako. Usimsogelee kwa sababu ya picha. Na picha ukiipata, zima ile alama ya mahali kabla hujaisambaza, kwa kuwa wenye nia mbaya na pembe nao wana simu. Ukipita kwenye kaya, kama Gandini au Mtswakara za Waduruma, ambazo ni miongoni mwa zile UNESCO ilizoziandika 2008, usipige picha mpaka wazee wakuruhusu.

Lakini kilichomliza dadangu usiku ule hakikuwa betri. Ni kwamba hakujua kijana ameelekea wapi. Alijua "nyikani". Tungemtafuta wapi? Nilikuwa nimeshawakusanya vijana wanne na tochi, tukasimama kando ya barabara tukiulizana tuanzie upande gani. Karatasi moja iliyoachwa mezani, yenye njia, saa ya kurudi na saa ambayo ikipita muanze kutafuta, ingetutosha.

Mvua za masika zilipokwisha walitoka tena, wale wale watatu. Dadangu alikataa kwanza, nikamwombea. Karatasi iliachwa chini ya sahani ya mkate. Saa nne kasorobo asubuhi simu yangu ikalia mara moja: "Mjomba -3.7812, 39.0144. Maji lita tatu kila mtu. Ndovu hatujaona. Twarudi kabla ya alasiri." Nikampelekea mamake, naye akanipigia kuniuliza hizo namba zinasomwaje.